Magoti Yako Mawili

Mpemba,
Tunduma.
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Witness,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, unakula, unalala, na kifua hakikubani tena kama kilivyokuwa kinakubana huku kwenye baridi. Huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Presha ya Mama imetulia tangu nilipouficha mkebe wa chumvi. Baba mdogo Enoka anakohoa, lakini ukimgusia tumbaku anasema ni moshi wa malori. Na mimi, ukiuliza, ni mzima mwili wote isipokuwa pale unapopajua.

Mvua mwaka huu si ya kuuliza. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamempita Mama kimo, akiingia kuchuma mboga ya maboga tunamtafuta kwa sauti. Foleni ya kwenda mpakani imerefuka tena mpaka huku kwetu, madereva wanachemsha chai chini ya matrela na kunyoana ndevu kama wako kwao. Kwa biashara yangu ni heri, maana dereva aliyekwama hali foleni, anakula wali. Mwamvua bado ananiletea mchele kutoka Kamsamba, nami nauza nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mguu nimeunyoosha mbele. Wateja wamezoea kuuruka.

Kifurushi ulichopokea pamoja na barua hii kina maharage ya Ibaba, mchele, na karanga alizokaanga Mama. Usiwagawie wote hao wanaokuita Mzambia. Wape wachache, tena wale wasiokuita.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukisikia tu sauti yangu unaanza kulia, na mimi nikisikia unalia nakata. Hatujamaliza mazungumzo hata mara moja tangu Krismasi. Karatasi haikati. Kaa kitandani, usome mpaka mwisho, halafu ndiyo ulie ukitaka.

Neno lenyewe ni hili: nakuonea wivu.

Sisemi ule wa kuchekeana, eti jamani nakuonea wivu kwa gauni lako. Ni wivu wenyewe, mdogo wangu, unaokaa kooni kama mwiba wa samaki, maji hayaushushi wala tonge haliushushi. Naamka nao. Dada hapaswi kumwambia mdogo wake maneno haya, na Mama akijua nimeyaandika atanichapa na ukubwa wangu. Lakini nimechoka kukuambia "hongera" nikiwa nimeuma meno, na wewe si mjinga, unayasikia hayo meno.

Unaikumbuka siku ile kinamama wa Nakonde walipovuka mpaka kuja kucheza nasi mpira wa pete? Wewe unakumbuka siku uliyoanza. Mimi nakumbuka nyasi. Niliruka kuufuata mpira wa juu, nikatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka na goti likageuka kivyake. Sikusukumwa na mtu, hilo ndilo linalonikera mpaka leo, sina hata wa kumchukia. Timu yetu ilikuwa na seti moja tu ya vile vitambaa vya kifuani, na mtu haingii uwanjani bila herufi zake. Basi Kocha Ferdinand akaja akachutama pembeni yangu, nikadhani amekuja kunipa pole. Kumbe anatafuta kamba za ubavuni. Akanivua GS, herufi za mfungaji, nikiwa chini vilevile, akakuvisha wewe uliyekuwa umebeba madumu ya maji.

Mpira wa kwanza uliopewa, ukafunga.

Watu wote walioniinamia wakageuza shingo kukutazama. Hata Mama. Nililia, mwenzangu, na kila mtu akadhani nalilia goti.

Baadaye daktari kule Mbeya akaniambia kano zimekatika, kutembea nitatembea, kuolewa nitaolewa, kulima nitalima, ila kuruka nisahau. Alisema kwa upole kabisa. Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kufa kwa kutoruka, akacheka, nami nikacheka, tukaachana vizuri. Nilipofika nyumbani nikazitia raba zangu kwenye mfuko wa mahindi, nikaufunga, nikampa wifi Agnes, mke wa mtoto wa baba mdogo, aende nazo kwao, asiniambie kampa nani.

Unaniuliza kila mara naishije bila mpira, nami nakujibu "tumezoea". Uongo. Sokoni nikipita njia ya uwanja wa shule nasikia filimbi, mikono inatoka jasho, kwa hiyo sasa nazungukia nyuma ya gereji, njia ndefu, yenye matope, goti linauma zaidi, lakini roho inapumzika. Kitunguu nikitaka kukitia kwenye beseni sikiweki, nakirusha, mkono wa kulia chini, wa kushoto pembeni, kiganja kinavunjika hivi. Hakikosi. Wamama wa soko wananishangilia, na mimi najiona mwanamke mzima anayeshangiliwa kwa vitunguu.

Ferdinand alinionea huruma akanipa filimbi, niwe mwamuzi kwenye mechi za mazoezi. Nilikubali. Sasa huyu Brenda aliyechukua nafasi yako ni mrefu, ana mikono mizuri, na alikuwa amevaa GS ile ile, nikaona giza. Kila akigusa mpira, mimi pii! Anatembea na mpira. Pii! Amemsukuma. Mtoto wa watu hajatembea hata kidogo, amesimama kama nguzo, mimi pii! Mwisho Ferdinand akaingia uwanjani akanyoosha mkono. "Marita, lete filimbi. Wewe si mwamuzi, wewe ni mke mwenza." Timu nzima ikalala chini kwa kicheko. Nilirudisha filimbi nikaondoka, na sijutii hata pii moja. Pale alipomsukuma yule beki alimsukuma kweli.

Lakini nirudi nyuma, ulipochaguliwa timu ya Dodoma.

Kuna jambo hukuwahi kusimuliwa vizuri, maana ulikuwa umeshapanda basi. Unajua desturi ya kanisani kwetu, mtu akipata jema akasafiri kabla ya kushukuru, shukrani yake hutolewa na ndugu wa tumbo moja. Anasimama mahali pake, anashika sadaka yake, anawekewa mikono kwa niaba yake. Na wewe una ndugu wa tumbo moja wangapi? Mimi tu. Mama akanipa jogoo yule mwekundu, akanifunga kitenge kipya, akaniambia tabasamu.

Nikapita mbele na kuchechemea kwangu, jogoo kwapani. Mzee Boazi akasema, "Binti, piga magoti tukuombee." Nikamnong'oneza kwamba siwezi. Akasema piga hata moja. Nikapiga moja, jingine nikalinyoosha pembeni kama mkia. Basi mzee akaweka mikono kichwani pangu, akafumba macho, na unamjua akifumba macho hafumbui upesi. "Ee Bwana, ibariki miguu hii! Itie nguvu magoti haya! Miguu hii iruke kama ya paa, ikanyage na isiteleze!" Kanisa zima, amina! Kwaya, amina! Jogoo akaninyea mkono. Nami pale chini nikasema kimoyomoyo: Bwana, wewe unajua hii inayoombewa iko Dodoma, lakini ukichanganya anwani, ukaishusha baraka kwenye hii iliyo hapa, mimi sitakusahihisha.

Hakuchanganya. Kesho yake nilijaribu kuruka kidogo nyuma ya choo, nikajua hajachanganya.

Tulipotoka nje wanawake wakanizunguka. "Hongera, dada wa mchezaji! Hongera, dada wa mchezaji!" Dada wa mchezaji! Mimi, Witness, ambaye wewe ulikuwa ukiitwa mdogo wa Marita mpaka na walimu wako. Siku ile sikula chakula cha shukrani yako. Nilimwambia Mama tumbo linauma.

Sasa tuje kwenye simu yako ya juzi. Ulidhani unaongea na Mama peke yake, kumbe Mama aliweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja limeziba, na mimi nilikuwa palepale nachagua mawe kwenye mchele. Nilisikia yote. Kwamba unakaa benchi kila mechi. Kwamba wakikuingiza unakosa. Kwamba siku ya kwanza uliwasalimia "mulishani" ya ng'ambo ya mpaka kwa mazoea ya sokoni, na tangu hapo hawakuiti jina lako. Kwamba umechoka, kocha umeshamwambia, na mwisho wa mwezi unarudi nyumbani.

Mama akakujibu kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto. "Rudi, mwanangu. Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini."

Nilimwaga ungo mzima. Simu ilipokatika nikamwambia, "Mama, ng'ombe aliyevunjika guu ni mimi, na zizini niko tayari. Huyo mwingine mguu wake umevunjikia wapi?" Akaniambia nina moyo mgumu. Nikamwambia moyo ni mgumu kwa sababu goti ni laini. Hatujasemeshana vizuri tangu hapo, tunapitishiana chai kwa mkono wa baba mdogo.

Simlaumu Mama. Yeye tangu siku ile ya Nakonde ukiruka anafumba macho. Anaogopa aje apokee na goti la pili. Kwake yeye ukirudi mzima na ukakaa kimya hapa uuze nguo za mtumba, Mungu atakuwa amejibu. Kila mama angesema hivyo.

Lakini mimi si mama yako. Mimi ni mtu aliyetaka kitu hicho hicho kuliko wewe, tena unajua ni kuliko wewe. Kwenye miti hakuna wajenzi! Mwenye magoti mawili, yamenyooka, yamepakwa mafuta, anakaa kitandani Dodoma anasema amechoka. Amechoka na nini? Na benchi? Benchi! Mimi benchi hilo ningelala juu yake. Ningeliramba. Ukiwa benchi una raba mguuni, una jezi, na wakati wowote mtu anaweza kugeuka akasema "haya, inuka". Mimi hakuna atakayeniambia inuka mpaka parapanda ya mwisho. Na hao wanaokuita Mzambia, waitikie! Waambie ndiyo, na kwetu tunazivuka nchi mbili kwenda kununua sabuni. Wakichoka wataacha. Mimi huku naitwa Kigoda mpaka na watoto, nimekufa?

Nisamehe, nimepandisha. Nimetoka nje nikazunguka nyumba, sasa nimerudi.

Kuna jambo jingine, nami nimelizungushazungusha kwa sababu mkono hautaki kuliandika. Ile video ya mechi uliyomtumia Mama, nimeitazama. Nimeitazama mara nyingi sana, Mama akilala naichukua simu yake. Usidhani ni kwa upendo. Naitazama ili nikuone ukikosa. Unakosa, nami nasema ehee, ningekuwa mimi ningefunga, halafu narudisha nyuma nakuona ukikosa tena. Ndiyo sinema yangu. Sasa ukitazama kitu kwa jicho baya kwa muda mrefu, unaona na usivyotaka kuona.

Witness, mipira yako yote inaanguka upande mmoja. Yote. Kushoto kwa pete, kiasi cha kiganja. Mtu asiyejua kufunga hukosa kila upande, mara mbele, mara nyuma, mara juu kabisa. Wewe unakosa mahali pamoja kama umepalenga.

Na kweli umepalenga! Sisi tumejifunzia wapi kufunga? Pale shuleni, kwenye lile goli moja la upande wa madarasa, maana jingine halivishwi pete mpaka siku ya mechi. Na pale kuna upepo gani jioni? Unatoka kushoto, unapita kati ya madarasa, unavuta mpira kulia. Hakuna mtoto wa Mpemba anayelenga pete. Tunalenga kushoto kwa pete, upepo unaurudisha. Ferdinand hakutufundisha hivyo, mikono yetu ilijifundisha yenyewe. Sasa huko mnachezea ndani ya ukumbi, ukuta pande zote na paa juu. Mdogo wangu, unarusha mpira uende na upepo ulioubakiza Mpemba.

Kocha wako hana kosa, angejuaje? Anaona msichana anakosa, anamkalisha. Mwambie. Mwombe mpira asubuhi kabla wenzako hawajaja, simama karibu kabisa, lenga pete yenyewe, katikati, hata mkono ukikataa. Utakataa. Utajisikia unakosea. Endelea mpaka uache kujisikia.

Ningeweza kunyamaza. Nimelijua hili siku kadhaa, nikalala nalo. Nilisema, akae nalo, arudi, tuwe wawili hapa, tuitwe wote wadada waliowahi kucheza. Nilijiona nimekaa nawe barazani, nawe huruki na mimi siruki, na kwa muda kidogo wivu ukanyamaza kabisa, nikasikia raha. Loo, nilisikia raha! Halafu nikajiuliza, sasa jioni nitatazama nini? Nitamuuliza Mama habari za nani? Nikaona uwanja wa shule, na filimbi, na mimi nazungukia gereji, na wewe nyuma yangu unazungukia gereji na magoti yako mawili mazima. Raha ikaisha.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mama alikuwa amekifagia chumba chako, akafua pazia, akatandika shuka la maua. Jana alipokwenda kwenye kwaya nikamwita Mwamvua na vijana wake wa kupakua mizigo, tukaingiza magunia. Mchele wote wa msimu. Yameanzia mlangoni yamefika dirishani, kitanda tumekisimamisha ukutani. Mama akarudi, akasimama mlangoni akiyatazama, akaenda kulala. Chumba huna, Witness. Kwangu hulali, goti langu linataka kitanda kizima. Kwa baba mdogo kuna kikohozi.

Mpira niliupoteza mara moja, nikiwa chini, mbele ya watu, na sikuulizwa. Sehemu iliyobaki iko kwako. Ukiiacha kwa hiari yako, hapo utakuwa umenivua mara ya pili, na safari hii sitalilia goti. Baki huko. Funga. Niache nikuonee wivu mpaka nizeeke.

Wifi Agnes anakusalimu, anasema ukipata likizo umletee zabibu. Baba mdogo Enoka anakusalimu na kikohozi chake. Mwamvua anakusalimu. Ferdinand anakusalimu, anasema Brenda ni mzuri lakini hana mdomo wako. Mzee Boazi anakuombea kila Ibada ya Jumatano, na nimemwambia safari hii akutaje jina, pasije pakatokea utata. Mama atakupigia mwenyewe kukushitakia. Msikilize, mwambie unampenda, usikubali.

Mungu akulinde unapoamka na unapolala, na ukiruka akushushe taratibu, kwa miguu yote miwili.

Ni mimi dada yako akupendaye, na akuoneaye wivu bila kupumzika,

Marita